Kigelegele Nilichopiga Uwanjani

Punje za buni zilikuwa zinagonga kopo la bati, tak, tak, na ingawa nilizitia moja moja kwa vidole, mwanangu Modestus alizisikia. Nje kulikuwa bado giza. Akaja jikoni na blanketi mabegani, akawasha taa, akauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, najiandaa kwenda Houston.

"Mama, si lazima uende," alisema. "Abigail atapeleka kadi, atafikisha na salamu zako. Yule mama hakujui."

"Ndiyo maana naenda."

Akachukua lile kopo mkononi mwangu akalifunga kwa mpira, buni isimwagike njiani. Modestus ndivyo alivyo. Akishindwa kukuzuia, anakufungia mzigo.

Ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka 2006, wiki mbili baada ya ile mechi.

Nilikuwa nimekaa Garland, kando ya Dallas, miaka miwili. Modestus na mkewe waliondoka asubuhi kwenda kazini, wakarudi jioni wamechoka, nami nilibaki na televisheni isiyojua lugha yangu. Mjukuu wangu Abigail alikuwa anasoma chuo kikuu Fort Worth. Siku moja alinikuta nimenyong'onyea dirishani, akanipakia kwenye gari kwenda kutazama mpira wa chuo chao. Si mpira wa miguu tunaoujua sisi. Huu wao umechongoka kama parachichi, mtu anaukumbatia na kukimbia nao, na wengine wanamkamata na kumwangusha. Sikuelewa mengi. Nilichoelewa ni kwamba kijana wetu akifika nao mwisho wa uwanja, watu wanafurahi. Alipofika mara ya kwanza nikapiga kigelegele, kama ambavyo ningepiga harusini kwetu Bukoba.

Watu wote wa upande ule waligeuka. Wale vijana walikuwa hawajawahi kusikia kitu cha namna hiyo. Wakacheka, wakapiga makofi, wakaomba nirudie. Tangu siku hiyo wakaniita Bibi King'ora. Waliniachia kiti cha mwisho karibu na ngazi nisihangaike kupita kwenye magoti ya watu, na msichana mmoja alininunulia kofia ya njano, rangi ya timu. Kila Jumamosi walipocheza nyumbani Abigail alinifuata Garland. Siku sita sikuulizwa neno na mtu, siku ya saba nilikuwa naitwa na vijana arobaini. Sisemi hivi ili nijitetee. Nataka tu ijulikane nilikuwa na njaa ya kitu gani.

Jumamosi ile walikuja wageni kutoka chuo kimoja cha Houston. Walikuwa na mkimbiaji wao, namba ishirini na mbili, ambaye Abigail alisema anaandikwa magazetini na timu kubwa zinamsubiri amalize masomo. Kipaza sauti kilitaja jina lake mara nyingi, lakini mtangazaji alilitafuna mpaka halikuwa la kwao wala la kwetu. Kijana alijua kukimbia. Watatu wakimshika, alipenya. Na aliyeanguka kwa kumkimbiza, alimpa mkono akamwinua. Hilo nililiona mara mbili kwa macho yangu. Vijana wetu walimchukia kwa sababu hakamatiki. Walikuwa wanamwimbia maneno, nikamwuliza Abigail wanasema nini, akajibu kwamba wanamtania tu. Hakunitazama usoni alipojibu.

Mechi ilipokaribia kwisha alipewa mpira, akageuka, na wawili wetu wakamgonga pamoja, mmoja juu, mmoja chini. Akaanguka, mguu umepinda upande ambao mguu haupindi. Mpira ukamtoka, mwenzetu akauwahi. Watu wa njano wakainuka kwa shangwe. Vijana wa mbele yangu wakageuka wote, wakawa wananingojea.

Sitasema sikuelewa. Nilimwona yule mtoto anajishika goti. Nilimwona, na wao walikuwa wananingojea, nikapiga.

Nilipiga kirefu. Nikiwa katikati, uwanja ulianza kunyamaza, maana watu walikuwa wameuona ule mguu, na kijana wetu mmoja kati ya wale waliomgonga alikuwa amepiga magoti kando yake, anaita madaktari kwa mikono. Sauti yangu ikabaki inakwenda peke yake. Halafu, ng'ambo ya ngazi, walikokaa wageni, sauti nyingine ikainuka, nyembamba, ya mwanamke, kama inanijibu.

Kijana mmoja alinigusa bega akacheka. Abigail akanitafsiria: kumbe bibi huko peke yako, una mwenzako anashangilia kule.

Katika maelfu ya watu wale, nadhani ni mimi peke yangu niliyejua kwamba mwenzangu hakuwa anashangilia. Lilikuwa yowe la msiba. Kwa Wamarekani sauti zile mbili ni moja. Kisha yule mwanamke akaita kwa Kiswahili: "Uuwi, mwanangu! Kefa, mwanangu!"

Nikakaa.

Kulikuwa na mzee mmoja Mzungu, wa timu yetu, aliyekaa ngazi moja chini yangu, na kila mechi alikuwa ananishika mkono wakati wa kushuka. Alivua kofia yake ya njano, akasimama kimya mpaka kijana alipobebwa kwenye kigari na kutolewa. Kabla ya kuketi aligeuka akaniambia kitu, taratibu, bila ukali. Abigail alikataa kunitafsiria. Nilimbana siku tatu ndipo akasema.

"Alisema: 'Yule ni mtoto wa mtu, mama.'"

Abigail na wenzake nao waliona aibu. Wakanunua karatasi ngumu, ukubwa wa mlango wa kabati, wakaifanya kadi na kuizungusha chuoni, watu wakaandika majina yao na kumtakia kijana apone. Yule mzee wa kofia aliandika. Aliyepiga magoti aliandika mistari mingi kuliko wote. Abigail akaniletea mimi kalamu, nikamrudishia. Majina yalikuwa zaidi ya mia mbili, na langu lingejificha katikati yake lionekane jema kama mengine.

Kanisa moja la Wakenya hapa Dallas liliifahamu familia. Kumbe lile jina lililotafunwa lilikuwa Onyancha, na nyumbani kwao ni Sharpstown, huko huko Houston. Abigail alipiga simu kuomba tufike, lakini hakueleza zaidi ya kwamba tunaleta kadi. Kwa muda wa saa nne njiani nilishika kopo langu mapajani. Mjukuu wangu aliniomba, kwa upole, nitoe pole tu basi, nisimwongezee mama wa watu maumivu. Sikuwa na hakika kwamba nitaweza zaidi ya hapo.

Waliishi ghorofa ya pili. Mama Kefa alitufungulia akiwa bado na sare ya kazini, alikuwa anatoka kuhudumia wazee wasiojiweza. Abigail akampa shikamoo.

"Nyinyi Watanzania," alisema akicheka, "mnatuzeesha bure."

Akanikalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Akaniwekea mto mgongoni. Akaleta chai ya maziwa na chapati za moto, akazikata vipande vidogo kwa ajili yangu, labda kwa mazoea ya wale wazee wake. Kila alichonitendea kilinichoma. Kefa alikuwa amelala kwenye kochi, mguu umefungwa vyuma toka pajani hadi chini. Mtoto mkubwa vile, uso wa mtoto mdogo.

"Habari, nyanya," aliniambia. Abigail akauma mdomo asicheke, maana kwetu nyanya ni ya kutia kwenye mchuzi. Mama yake akasema hicho ndicho Kiswahili chote alichobaki nacho.

Alifungua kadi, akayasoma majina mengi kwa sauti, akafika kwa yule aliyepiga magoti, akajifuta macho kwa mkono wa sare.

"Mungu awabariki," alisema. "Mimi nilishasema watu wa kule hawana moyo. Unajua, mtoto alipoanguka nilisikia mtu amepiga kigelegele. Kigelegele cha kwetu kabisa. Baadaye nikajiambia hapana, ni uoga, niliota. Nani wa kwetu angefanya hivyo?"

Abigail alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Ningeweza kumwachia ile ndoto. Chai ilikuwa mkononi, mto mgongoni.

"Hukuota," nikamwambia. "Ni mimi."

Aliniangalia kama mtu anayengojea sentensi iishe. Nikamweleza yote, hata jinsi nilivyokuwa nimeuona mguu kabla ya kupiga. Alichukua sahani ya chapati, akaenda nayo jikoni, tukasikia maji ya bomba yanamwagika muda mrefu.

Kefa akamwuliza Abigail kwa Kiingereza kuna nini, naye akamweleza. Kijana akasema kitu akitabasamu kidogo. Abigail alinitafsiria bila kubanwa safari hii. Alisema aliisikia ile sauti akiwa chini. Alidhani ni gari la wagonjwa limefika, akashukuru. Yeye alicheka. Mimi sikuweza.

Mama yake aliporudi alisimama nyuma ya kochi, mkono juu ya kichwa cha mwanawe.

"Miaka ishirini na moja niko nchi hii," alisema. "Niliposikia ile sauti, kitu cha kwanza moyo wangu uliruka. Nikasema, hapa kuna mtu wa nyumbani. Halafu nikaelewa anashangilia nini."

Nilimwomba msamaha. Maneno yalikuwa machache, nayo yalisikika machache. Nikampa buni, nikamwambia kwetu mgeni na mwenyeji huitafuna pamoja. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa alilelewa hivyo, akaiweka juu ya televisheni bila kuifungua.

Hata hivyo tulipoinuka tukakuta amezifunga zile chapati kwenye karatasi, za kula njiani. Alinishika kiwiko kwenye ngazi mpaka chini, ngazi moja baada ya nyingine, kama yule mzee wa uwanjani. Kwenye gari akainama dirishani kwangu.

"Mjukuu wako alisema unaitwa Bertila. Nimelitafuta hilo jina kwenye kadi."

"Halipo."

"Nimeona." Alikuwa anatazama mikono yangu. "Nafasi ipo pale chini, na kalamu ninayo. Lakini leo siwezi kusimama nikakutazama ukiliandika, mama. Sitakudanganya. Njoo tena."