Kigelegele cha Mwanamkasi

Kila mwaka, siku ya tatu ya Idi, Sumaiya hutoka Tunguu, anakofanya kazi katika maktaba ya chuo, akaja mjini kumsikiliza mama yake. Haendi kaburini, huko ana siku yake nyingine. Huenda Malindi, kwenye makumbusho ya taarab yaliyo juu kabisa ya nyumba moja yenye ngazi za kuvunja magoti. Huvaa spika za masikioni, akabonyeza kitufe cha wimbo wa tatu, akangoja ubeti wa mwisho.

Mama yake, Mwanamkasi, hakuwa mwimbaji. Alikuwa mshonaji nguo, na kwa taarab alikuwa hajiwezi. Alifariki Sumaiya hajatimiza miaka miwili, akaacha picha moja tu, ya kitambulisho, na hata hiyo amenuna. Baba alikuwa baharia wa meli za mbali, leo yuko huku kesho kule, kwa hiyo mtoto alichukuliwa na Bi Salhiya, shoga wa marehemu. Bi Salhiya alimlea pamoja na wanawe watatu na hakulalamika hata siku moja, ingawa kwa mambo mengine yote, kuanzia bei ya nazi mpaka mvua, alilalamika vya kutosha.

Ni yeye aliyemleta Sumaiya hapa mara ya kwanza, miaka kumi na minne iliyopita. Wimbo wa tatu ulirekodiwa ukumbini mwaka themanini na nne, katika sherehe ambayo mashoga hao wawili walihudhuria. Ubeti wa mwisho ulipofika, Bi Salhiya alimfinya mkono.

"Huyo," alisema. "Huyo ndiye mama yako."

Kilipanda kigelegele kirefu, kikakatika katikati kwa kicheko, kikaanza upya, juu zaidi. Mtaa mzima ulikijua kigelegele hicho. Hakuna mwingine aliyekuwa akicheka katikati. Zilikuwa sekunde tisa tu. Lakini ndizo sekunde tisa pekee za sauti ya mama yake zilizobaki duniani, na Sumaiya alizipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Mwaka huu alikuja na Bi Salhiya mwenyewe, aliyepumzika kila kituo cha ngazi na kuwalaani waliojenga nyumba. Juu walikuta kuta zimepakwa rangi, udi na fidla za zamani zimefutwa vumbi, na Muhiddin, mtunzaji wa makumbusho, hakai chini kwa furaha. Alimwamkia Bi Salhiya shikamoo, akamvutia kiti, kisha akaeleza kazi aliyoifanya. Wageni walikuwa wakinung'unika kwamba nyimbo zina makelele, basi amepata programu ya kompyuta inayochambua sauti, na miezi mitatu amekaa akizisafisha moja moja. Mtu anayekiita kigelegele makelele hajaalikwa harusi ya maana maishani mwake, lakini wageni ndio wageni.

Sumaiya hakushtuka bado. Alivaa spika, akabonyeza. Mwimbaji alisikika waziwazi mpaka pumzi zake, na nyuzi za ganuni zilidondosha nota moja baada ya nyingine bila mkwaruzo. Ubeti wa mwisho ukaja. Ukapita. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, na mara ya tatu akafumba macho kana kwamba yalikuwa yakimzuia kusikia. Hakukuwa na kitu. Alifiwa upya, hapohapo mbele ya kabati la vioo, na safari hii alikuwa mtu mzima wa kuelewa.

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia Muhiddin anachokifuata. Aliona haya, wengine walikuja kwa ajili ya waimbaji wakubwa, yeye kwa mtu aliyekaa safu ya nyuma. Sasa alimwendea mezani kwake.

"Muhiddin," alisema, "katika hayo makelele uliyoyatoa, mama yangu alikuwamo."

Aliposimuliwa yote, Muhiddin alikiri kwa sauti ya chini kwamba mkanda wenyewe ulikatika zamani, na rekodi mpya ameihifadhi juu ya ile ya kwanza. Sumaiya angalikuwa mtu wa kupiga kelele, angalipiga.

Basi Muhiddin alikuwa na tabia moja ambayo mkewe hakuacha kumsema kwayo: hatupi kitu. Hata nyuzi za udi zilizokatika alizitia kopo la biskuti. Akakumbuka kwamba programu ile, ikishachambua, huyaweka kando makelele iliyoyatoa, na yeye hakuyafuta. Aliifungua kompyuta, akatafuta, kisha akajaribu kuuziba upande wa skrini kwa kiganja. Sumaiya alikuwa ameshaona. Faili lilikuwa limeandikwa "Takataka".

Alivaa spika. Mwimbaji hakuwamo, wala fidla. Ulibaki ukumbi peke yake: viti vinaburutwa, mtu anakohoa, chupa ya soda inabiringika sakafuni. Kisha kigelegele, karibu mno, na kicheko chake katikati. Sumaiya alishusha pumzi. Alikuwa anataka kuzivua spika alipokisikia kile ambacho miaka yote fidla zilikuwa zimekifunika. Mwanamke yuleyule, bado anahema, alikuwa anazungumza. Alitaka kwenda mbele kumtunza mwimbaji kwa noti, na mikono yake haikuwa mitupu.

"Salhiya! Ebu nshikie mwanangu, nkatunze. Nnakuja sasa hivi."

Mtoto alilia kidogo, akanyamaza.

Sumaiya aligeuka kumtazama Bi Salhiya, aliyekuwa kwenye kiti akijipepea kwa tiketi. Alimvisha spika juu ya mtandio, akarudisha nyuma, akasimama karibu naye huku akizihesabu sekunde. Kwenye kigelegele, kizee alitabasamu na kutikisa kichwa. Kisha akaacha kujipepea.

"Naam," alisema, kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu waliozibwa masikio, mpaka wageni wawili chumba cha pili wakageuka.

Hakuzivua spika. Mkono wake ulipapasa hewani, ukaupata mkono wa buibui la Sumaiya, ukaushika, na haukuuachia mpaka rekodi ilipokwisha.