Majaribio Yaliyosoma Mipangilio ya Zulfa

Ijumaa asubuhi, siku tatu kabla ya safari ya kupeleka programu yao kwenye zahanati za Nanyamba, Rebeka aligeuza laptopu yake ili Zulfa aone. Mistari kumi na moja ilikuwa myekundu.

"Nimeyaendesha majaribio yako mara mbili, dada. Yanafeli."

Zulfa alishtuka. Majaribio hayo, vijiprogramu vya kuikagua programu yenyewe, aliyaandika yeye, na kwenye mashine yake hayakuwahi kufeli hata siku moja. Kazi ya majaribio hayo ilikuwa kuhakikisha kwamba muuguzi akiingiza uzito wa mtoto, programu inataja kipimo sahihi cha dawa ya maji. Rebeka alikuwa na wiki moja tu katika ofisi yao ya Magomeni. Alitoka Mbeya kumfuata mumewe anayefanya kazi bandarini, na laptopu aliyopewa ilikuwa mpya.

Walikaa bega kwa bega wakifuatilia mstari kwa mstari. Kabla ya adhuhuri Zulfa alishajua kosa liko wapi, na aibu ikampanda. Mwezi wa tatu, akiijaribu programu kwa mkono, alichagua uzito uhesabiwe kwa kilo. Programu ikalihifadhi chaguo hilo kwenye faili la mipangilio yake, na tangu hapo kila jaribio lilikuwa likilisoma faili hilo kimyakimya. Kwa Rebeka faili lenyewe halikuwepo.

Stefano, mkuu wao, alisikiliza akiwa mlangoni. "Basi Rebeka naye achague kilo, yatapita. Jumatatu tunasafiri."

"Yatapita, kaka, lakini hayapimi programu. Yanapima nilichobofya mimi."

"Zulfa, zahanati nane zinatusubiri."

"Na vishikwambi vyote vinane tutakavyowapelekea ni vipya, kama laptopu ya Rebeka. Hakuna aliyechagua chochote humo."

Stefano alikuna kidevu. "Una mpaka kesho saa sita."

Zulfa hakwenda hata kula. Aliyapitia majaribio moja baada ya jingine. Kila moja alilipatia folda yake tupu ya muda. Linaandika humo mipangilio linayoihitaji, linapima, kisha folda inafutwa. Faili la mtu halisi halikuguswa tena. Kisha akaongeza majaribio matatu ya mtumiaji ambaye hajachagua kitu.

Jumamosi asubuhi yale kumi na moja yalikuwa kijani kwenye laptopu zote mbili. Matatu mapya yalikuwa mekundu.

Zulfa aliyasoma majibu. Programu isipokuta chaguo, ilimchukulia mtoto wa kilo kumi kuwa wa gramu kumi, ikataja kipimo cha chini kabisa, robo kijiko, bila onyo lolote.

Alimgeuzia Stefano skrini. "Hatusafiri Jumatatu."

Stefano alivuta kiti, akakaa. "Nani atamwambia nesi Esta kule Nanyamba?"

"Mimi."

Alimpigia palepale, akamweleza kosa bila kuficha. Esta, aliyekuwa ameshawaita wenzake wa zahanati zote kwa mafunzo, alilalamika kidogo. "Mkija, mje na kitu ninachoweza kumpimia mtoto," akasema, akakata simu.

Waliirekebisha programu: bila chaguo, haitoi kipimo cha dawa, inauliza kwanza kama mizani ni ya kilo au ya gramu. Jumatatu jioni Zulfa alimsogezea Rebeka laptopu yake. "Vuruga mipangilio yangu yote, utakavyo." Rebeka akabadili lugha, kilo kuwa gramu, mpaka ukubwa wa herufi, akaendesha majaribio. Kijani tupu. Wakalifuta faili zima, wakarudia. Kijani.

Jumatano, Nanyamba, Esta aliwasha kishikwambi cha kwanza. Alilisoma lile swali kwa sauti, akageuka kuitazama mizani yake ukutani, akabofya kilo. Kisha akamwita mama wa kwanza kwenye foleni amlete mtoto.