Kifungo Kwenye Sala ya Mama

Fundi wetu wa nguo alikuwa amehamishia cherehani sebuleni ili afanye kazi huku akimwangalia mama yake. Wazo zuri, ila mama naye alikuwa fundi enzi zake, na mikono yake haikujua kustaafu. Kichwa ndicho kilichosahau karibu kila kitu, hata binti huyu aliyemzaa. Alimwita "dada", kama mtu anavyomwita msaidizi mgeni, na kumshukuru kwa adabu iliyomchoma binti kuliko matusi.

Zamani alimwita Kifungo, kwa sababu utotoni binti alimeza kifungo cha koti la mteja na kuitia nyumba nzima kiwewe. Kila asubuhi binti alimwomba Mungu jambo moja tu: amsikie mama akilitaja jina hilo tena. Kwa alivyoona yeye, Mungu alikuwa ameziba masikio.

Mchana huo umeme ulikatika. Cherehani ikanyamaza, pasi ikapoa juu ya suruali. Akaenda jikoni kuepua maharage, na aliporudi akakuta mama amefumua pindo lote la gauni la bibi harusi.

"Mama! Mwenyewe anakuja kulichukua jioni!"

"Lilikwenda upande, dada," mama akasema kwa upole. "Nani kakufundisha kushona?"

Aliyemfundisha alikuwa mama huyohuyo. Kwa kawaida alimwekea mama chakula na kukimbilia kazi yake, lakini leo akimbilie nini? Akabwaga sahani mbili mezani, akaketi, akachota kijiko cha kwanza.

"Kwenu hamshukuru?" mama akauliza. Akamshika mkono, akafumba macho.

"Baba, asante kwa chakula. Mwangalie Kifungo wangu. Sijui yuko wapi siku hizi, na mimi kila nikila namwombea. Mwambie asihangaike. Nimepata dada mwema hapa, ananiosha miguu, ananichana nywele. Ana hasira kidogo, na mapindo yanamshinda, lakini ana moyo. Mbariki naye. Amina."

Binti alicheka, machozi yakamtiririka hadi kidevuni, na bado akacheka. Kumbe jina lake lilikuwa likitajwa mezani kila siku, naye yuko mbioni! Akamwomba Mungu radhi kimoyomoyo.

"Mama," akasema, "Kifungo anakusalimu. Hajambo kabisa."

"Unamjua?"

"Namjua sana."

Uso wa mama ukanawiri. "Bwana asifiwe! Haya, kula, kinapoa. Halafu tulishone hilo pindo."

Walilishona kwa mkono, wameketi dirishani penye mwanga, kila mmoja na upande wake wa gauni. Kila uzi ulipokwisha mama aliuliza tena habari za Kifungo, na kila mara binti alimjibu upya, kwa furaha ileile, kwamba hajambo, na yuko karibu.