Video ya Nane

Nimechoka. Nasema mapema, asije mtu akaniona nina roho mbaya.

Miaka miwili narekodi video za kufundisha uhandisi wa programu kwa wanafunzi wa mtandaoni, chumbani kwangu mtaa wa Mirongo, nimejifunika blanketi ili muziki wa baa ya jirani usiingie. Nimemaliza saba kati ya kumi. Muhula huu mkuu wetu wa idara, Mwalimu Machibya, akaleta mchezo wa simu: mwanafunzi anajenga programu ya kiwanda cha samaki, na akiruka majaribio, mafriji yanazima, sangara wanaoza. Akaligawa darasa. Ishirini video tu, ishirini mchezo tu, na wote wakasaini kwamba hawatapeana kitu. Atakayepeana anafutiwa matokeo. Kundi litakaloshindwa mtihani wa nusu muhula, njia yake inaachwa. Na mkataba wangu ni wa video.

Matokeo yakatoka Jumatano. Mchezo, sabini na mbili. Video, hamsini na moja. Jamani, nililia kwa hasira.

Nikampigia Awuor, binti kutoka Kamanga aliyeongoza kundi la mchezo. Nilitaka kujua hao sangara wa kuchorwa wamenizidi nini.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Hebu niambie, huo mchezo unafundishaje?"

Akacheka. "Haufundishi, madam, unakukomesha tu. Hatua ya tatu sote tulikwama, samaki wanaoza kila siku. Ndipo Nkwabi wa kundi la video akaturushia video zako. Tunaangalia, tunarudi kucheza, tukikwama tunaangalia tena."

"Awuor, si mlisaini!"

"Tulisaini, madam. Sasa mwenzio amekwama, wewe unacho, utamnyima? Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Na huyo Nkwabi mbona amepata arobaini?"

"Hakuwa na pa kujaribia, maskini. Mchezo unafunguka kwa namba ya mwenyewe, hatukuweza kumpa." Nadhani ndipo alipokumbuka anaongea na nani. "Madam, hutasema, eti?"

Nikakata simu. Kumbe video na mchezo ni kinu na mchi, kimoja peke yake hakitwangi. Nikilisema hilo, video zinabaki na mimi nabaki. Ila Machibya atauliza nimejuaje, na yule mtu hana masihara na saini. Wanafunzi ishirini na mmoja wangerudia muhula, Nkwabi akiwa wa kwanza, kwa kosa la kutokuwa mchoyo.

Ijumaa Machibya akaniita ofisini.

"Dorcas, una la kusema kuhusu haya matokeo?"

Nilikuwa nalo, tena tangu Jumatano.

"Sina, Mwalimu. Mchezo umeshinda."

Akanipa mkono, akaniambia mimi ni muungwana, mkataba wangu utaisha mwisho wa mwezi. Nilitamani kumtukana, nikakosa nguvu.

Nilipofika nyumbani, blanketi lilikuwa bado kitini nilipoliacha. Simu ikaita ujumbe. Awuor.

"Madam, tumesikia mchezo umeshinda na matokeo yetu hayajaguswa, kumbe hukusema. Mungu akubariki. Samahani kukusumbua, sote tumekwama hatua ya nane. Video ya nane inatoka lini?"

Nikasonya hadi jirani akasikia. Kisha nikajifunika blanketi, nikaanza kurekodi.