Sauti Moja Garini

Kwenye gari letu la wagonjwa kulikuwa na sheria niliyoitunga mwenyewe: sauti moja tu ndiyo inayoelekeza njia. Mbili zikisema pamoja, dereva anachanganyikiwa. Kwa miaka kumi na moja sauti hiyo ilikuwa ya GPS yangu niliyoibandika kwenye kioo cha mbele, inayosoma satelaiti bila kuomba mtandao wa mtu. Simu nilizidharau. Ukishapita kilima cha pili, simu inabaki kuwa tochi tu.

Nesi wetu alizoea kunitania. "Mzee, hiyo ramani yako iliwekwa upya lini?"

"Milima haihami, mwanangu," nilikuwa namjibu.

Siku ile tulitoka zahanati yetu, upande huu wa mto, kumfuata mke wa kijana wangu. Alijifungua nyumbani alfajiri, mtoto mzima, ila damu ikakataa kukatika. Saa nne asubuhi tukampakia, kijana wangu akakaa nyuma kamshika mkono. Nesi alimtundikia dripu, akaniwekea mbele simu yake, njia ya hospitali akiwa ameshaipakua kwenye mtandao, akaninong'oneza kwamba tuna saa moja, labda na kidogo.

Kwenye njia panda GPS ikasema kushoto, kupitia darajani, dakika arobaini. Simu ikasema kulia, dakika hamsini na tano. Kushoto, kulia, kushoto, mpaka nikapandwa na hasira. Nikaizima simu sauti, nikailaza kifudifudi. Nesi alikuwa ameinamia mgonjwa, hakuona.

"Baba, tunafika?" kijana wangu akauliza kupitia kidirisha.

"Tulia. Njia hii naijua kama kiganja changu."

Kweli niliijua. Ila mafuriko ya wiki iliyopita yalilisomba daraja, nami nilikuwa likizo. Tulisimama mbele ya maji, GPS bado inaniambia nisonge mbele mita mia mbili. Nikaigeuza simu. Ilikuwa imeandika kwa herufi nyekundu: barabara imefungwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilirudi kwa mwendo ambao gari lile halijawahi kukimbia. Mkwe wangu alikata roho tukiwa tumebakiza kilomita tisa.

Hospitalini nesi alijaza fomu. Penye sababu ya kuchelewa akaandika: daraja limekatika. Kufikia hapo alishaikuta simu yake imezimwa sauti, na alikuwa ananisitiri. Kijana wangu akaisoma fomu, akamuuliza, "Dada, simu yako haikujua?"

Nesi akaitia simu mfukoni.

"Ilijua," nikasema. "Mimi ndiye niliyeizima sauti."

Kijana wangu akairudisha fomu mezani, akatoka nje. Afadhali angenipiga.

Siku ya mazishi kijana wangu alisimama kuwashukuru waliomhangaikia mkewe. Akawataja majirani, akamtaja nesi, akamtaja mama yake. Watu wakageuka kunitazama mimi, wakingoja.

"Na dereva," akasema, akaketi.