Udongo wa Kupika

Tangu mama afariki, nyumba yetu ya Kiuyu ina watu wawili: mimi na sauti ya dada Rahila kwenye simu. Dhumna nacheza peke yangu. Nikishinda najisifu, nikishindwa najitukana, na yote mawili hayana shahidi.

Rahila yuko bara, chuoni, anatafiti bakteria wa udongoni wanaonyonya urani kwenye maji yaliyochafuliwa. Mwezi uliopita alinipigia.

"Hafiz, nitumie udongo wa nyumbani. Kona ile mama alipokuwa akioshea samaki. Nataka nione kama bakteria wasioijua urani nao wataishika."

"Wakishindwa?"

"Utafiti umekwisha, narudi nyumbani, nisomeshe Wete. Wakiweza, miaka miwili mingine."

Nilichimba kilo moja, halafu nikakaa nikiutazama. Katika biolojia yote niliyosoma, kilichobaki kichwani ni kimoja: bakteria ukiwachemsha wanakufa. Nikautia udongo kwenye sufuria, nikamimina maji, nikachochea moto.

Bi Mize, jirani, akachungulia. "Wapika nini, mwanangu?"

"Halua."

"Mbona yanukia kaburi?"

"Bado sijatia iliki."

Nikauanika, nikaufunga, nikautuma. Siku hiyo hiyo nikafua shuka za kitanda cha Rahila.

Jana kapiga, kelele utadhani bao limeingia. "Hafiz! Udongo wako umefika bakteria wote maiti. Nilitaka kulia. Nikasema basi, nautia hivyo hivyo kwenye maji yenye urani. Wameishika! Inawanata mwilini hata wakiwa wamekufa. Karibu yote imetoka majini!"

"Hongera, dada."

"Sasa niambie kweli. Uliufanya nini?"

"Niliupika."

Nikasikia feni ya huko kwao ikizunguka.

"Kwa nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa chumbani kwake, limetandikwa.

"Niliuona mbichi," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa, kucheka kule kule kwa mama. "Mwehu wewe! Uliupika muda gani?"

"Mpaka Bi Mize alipoondoka."

"Basi nipikie mwingine, kilo tano. Lakini safari hii tazama saa."

Leo asubuhi nimechimba tena. Kona ya mama imekuwa shimo. Nimeinjika sufuria, simu nimeiweka pembeni inihesabie dakika.

Bi Mize kachungulia. "Halua tena?"

"Tena, Bi Mize. Karibu ukae."

"Nna wali jikoni, mwanangu," akasema, akaenda zake.

Zimebaki dakika arobaini.