Fundo la Isaburo

"Rudini nyuma jamani, msimzonge!" Mizue, aliyekuwa akiwaongoza wageni, aliwazuia kwa mikono miwili.

Kasa alikuwa hai bado, amelala mchangani akitweta, kipande cha wavu kimemkaba shingo. Wageni walikuwa wametoka Osaka, wakapanda meli hadi kisiwa cha Yakushima, wakavuka msitu kwa miguu kuja kumwona akitaga. Sasa wengine walikuwa wakilia.

"Wavu wa nani huu?" aliuliza mama mmoja mwenye kofia pana.

"Si wa kijijini kwetu," Mizue akajibu papo hapo. "Wavuvi wetu hawaachi nyavu baharini. Muulizeni baba yangu, amevua maisha yake yote. Sivyo, Baba?"

Isaburo akakohoa. Majira ya baridi ya mwaka huu yalipokwisha, wavu wake ulikwama mwambani. Angeweza kurudi maji yakipwa kuutoa. Aliukata, akaenda zake kulala. Uvivu tu, hakuna kingine.

"Ndivyo," akasema.

"Basi mkatie kamba, upesi," Mizue akamhimiza.

Kisu kilikuwa kiunoni. Lakini kasa alijitupa, kamba ikazidi kukaza, na mzee wa watu akasahau kisu. Vidole vikaenda vyenyewe: kidole gumba chini, vuta kushoto, kwisha. Fundo likaachia.

Lo! Kijiji kizima kililijua fundo lile. Isaburo alikatika ncha ya kidole gumba ujanani, tangu hapo akawa anafunga kinyumenyume, na wenzake walimtania kwamba hata shetani hawezi kulifungua. Mizue alipokuwa mdogo alihangaika nalo mpaka akalia kwa hasira.

"Mzee, mikono yako ina dawa!" mama yule akasifu.

Isaburo alitamani ardhi ipasuke. Mizue alikuwa akimtazama vidole, uso umemshuka.

"Ni wangu," mzee akasema. "Wavu ni wangu mimi."

Simu zilizokuwa zikipiga picha zikashushwa, moja baada ya nyingine.

Mizue akatoa chupa ndogo ya pombe ya mchele. Kwa mila ya kijiji, kasa hapewi njia ya kurudi baharini bila kuonjeshwa pombe, na miaka yote mmiminaji alikuwa Isaburo. Mzee akanyoosha mkono kwa mazoea. Mizue akampita, akachuchumaa, na yeye mwenyewe akammiminia kasa.

"Nenda salama," akamwambia. "Utusamehe."

Kasa akajiburuta hadi majini. Wageni wakamfuata Mizue ufukoni. Isaburo akabaki amekaa mchangani, wavu mapajani, akifungua mafundo yaliyobaki.